Supu ya Saa Tisa Usiku

Kwa miaka sita nilikuwa msahihishaji wa gazeti. Nilikuwa naingia kazini wenzangu wa ofisi nyingine wanapofunga milango, na natoka pale ukurasa wa mwisho unapotiwa saini na mitambo ya ghorofa ya chini kuanza kunguruma hadi sakafu inatetemeka. Siku ya kawaida hiyo ilikuwa saa nane usiku. Siku ya uchaguzi, au siku mtu mkubwa amefariki jioni na kurasa tatu zinapangwa upya, ilikuwa saa kumi. Nilitoka nje macho yanawasha, vidole vimechafuka wino mwekundu, na tumbo linadai chake.

Asiyewahi kukesha kazini hudhani njaa ya saa tisa usiku ni ileile ya saa saba mchana, imezimiwa taa tu. Njaa ya mchana huja na hamu: unajua unataka nini, na unaweza hata kuchagua. Ya usiku wa manane huja na baridi inayotoka ndani ya mifupa. Mikono inalegea, maneno yanapotea, mtu mzima anaweza kulia kwa jambo dogo. Unataka kitu cha moto, na unataka kukipokea mkononi mwa mtu anayekutazama usoni.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu, alikuwapo mama muuza supu. Alikuwa na jiko, sufuria kubwa yenye mfuniko uliopinda upande mmoja, mabenchi mawili na taa moja. Alifika watu wa mchana wakiisha barabarani na kuondoka wakianza kurudi, kwa hiyo nadhani wengi waliopita pale kila siku hawakujua kama mahali hapo pana mtu. Walikuta majivu yaliyomwagiwa maji na alama nne za miguu ya benchi kwenye vumbi. Sisi tuliokuwa tunafika saa tisa tulikuwa tunamjua hata kikohozi chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmechelewa. Nani kafa?"

Alikuwa anajua habari za kesho kwa kuangalia saa tuliyotoka.

Katika mabenchi yale nilijifunza mji wangu upya. Palikuwa na wauguzi wawili waliokuja kwa zamu, mmoja akibaki wodini mwenzake anywe supu, kisha wanabadilishana. Walinzi walikula kwa kusimama, uso ukielekea geti wanalolinda. Madereva walikuwapo daima. Mzee mmoja mfagia barabara aliegesha mkokoteni wake mahali pamoja kila siku, na akiukuta umezibiwa na gari alikuwa anasimama tu pembeni, hasemi kitu, mpaka mwenye gari aone haya. Ilipokaribia saa kumi waliingia vijana waliotoka kucheza muziki, wamelowa jasho, viatu mkononi, wakiongea kwa sauti ya watu ambao masikio bado yanavuma. Dakika chache baadaye wanakuja watu wa tanuri la mikate, wameoga, nguo safi, siku yao ndiyo kwanza inaanza. Benchi moja lilikuwa na watu wanaosema "usiku mwema" na watu wanaosema "habari za asubuhi", na wote walikuwa sahihi.

Lugha yetu inalielewa jambo hili kuliko saa za ukutani. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapozama, kwa hiyo saa tisa usiku ni saa ya tisa tangu giza liingie. Inakwambia umeshabeba usiku kiasi gani na umebakiwa na kiasi gani. Wazungu husema saa tatu asubuhi kwa wakati huohuo, na mimi siku zote nimeona hesabu hiyo haimtendei haki mtu aliyesimama miguuni tangu magharibi. Tena tunasema "usiku wa kuamkia Jumamosi": usiku tumeukabidhi kwa siku inayokuja. Mfanyakazi wa usiku anaishi ndani ya msemo huo. Gazeti ninalolisahihisha leo lina tarehe ya kesho. Mkate unaokandwa saa kumi ni kifungua kinywa cha mtu ambaye bado anakoroma.

Ndiyo maana huwa naumia nikisoma maandishi mengi kuhusu miji mikubwa usiku. Karibu yote yanahusu starehe: wapi pa kucheza, wapi pa kunywa, wapi pa kula ukishalewa. Starehe ina nafasi yake na siinyimi. Lakini meza ya usiku wa manane ilitandikwa kwa ajili ya wafanyakazi, na wapenda starehe walikuja kuikuta. Nimelifuatilia hili kwa miaka, na kila mji niliousoma umenirudisha palepale.

Anza na Providence, katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Mwaka 1872 mtu mmoja aitwaye Walter Scott, aliyekuwa akifanya kazi ya uchapaji, alipata gari dogo la kukokotwa na farasi, akalitengeneza liwe na dirisha la kuuzia, akaliegesha nje ya ofisi za gazeti la Providence Journal. Mikahawa ya mji ilikuwa inafungwa mapema jioni, na waliobaki macho walikuwa waandishi, wachapaji na wapita njia wenye njaa. Scott aliwauzia mikate iliyotiwa nyama, mayai ya kuchemsha, vitafunwa vya kuoka na kahawa. Wengine wakaiga. Miaka 15 baadaye, huko Worcester, Massachusetts, mtu mwingine akatengeneza gari ambalo mteja angeweza kuingia ndani akakingwa na mvua. Kutokana na magari yale ndiko ilikotoka ile mikahawa midogo mirefu yenye kaunta na viti vya duara, ambayo dunia nzima inaitambua kuwa ni ya Kimarekani. Mzizi wake ni mchapaji wa gazeti mwenye njaa. Siku nilipolijua hilo nilifurahi kama mtu aliyegundua babu yake.

London mwaka 1875 tatizo lilikuwa la madereva wa magari ya farasi ya kukodi. Sheria haikumruhusu dereva kuliacha gari lake kituoni, na asipokuwapo aliogopa kuibiwa, kwa hiyo alikaa juu ya kiti chake kwenye mvua, au alimlipa mtu amlindie gari akimbilie kwenye kilabu cha pombe, mahali pekee palipokuwa na joto. Wafadhili wakachanga fedha na kujenga vibanda vya mbao vilivyopakwa rangi ya kijani kando ya vituo. Kwa kuwa vilikuwa kwenye barabara ya umma, polisi walitaka kila kimoja kisizidi ukubwa wa farasi na gari lake. Ndani mna jiko na meza nyembamba kuzunguka ukuta. Pombe marufuku, kamari marufuku, hata mijadala ya siasa marufuku. Vilijengwa zaidi ya 60. Vimebaki 13, na mpaka leo ndani wanaketi madereva peke yao. Sisi wengine tunauziwa dirishani. Sharti hilo nalipenda mno. Ni nadra kukuta mahali ambapo mtu wa kazi ya usiku ana kiti na mwenye fedha anasimama nje.

Paris ndiyo yenye hadithi inayosimuliwa zaidi. Soko kuu la chakula lilikuwa katikati ya mji, Les Halles, na kazi yake ilifanyika usiku: mikokoteni ya kabichi, mizoga ya ng'ombe mabegani mwa wapagazi. Mikahawa ya kandokando iliwapikia watu hao supu ya vitunguu, ikafunikwa mkate na jibini na kupitishwa motoni hadi juu ikaungua kidogo. Vitunguu vilikuwa rahisi, mkate ulikuwa wa jana, na supu ilikaa moto kwa muda mrefu chini ya ule mfuniko wa jibini. Kisha watu waliotoka kwenye maonyesho na dansi, wamevaa vizuri, wakanusa harufu. Wakaja kukaa karibu na wachinjaji wenye aprani za damu, wakaona ni jambo la ajabu na zuri, wakawaleta na marafiki. Soko lilihamishiwa Rungis, kusini mwa mji, mwaka 1969. Wapagazi waliondoka nalo. Supu ilibaki, na sasa mtalii anainywa saa tatu usiku kwenye kitambaa cheupe bila kujua ilipikiwa bega la nani.

Kaifeng, mji mkuu wa Uchina wakati wa ukoo wa Song, ni ya zamani zaidi ya zote hizo, na naikumbuka kwa sababu ya jambo dogo moja. Kabla yake, katika Chang'an, mji mkuu wa ukoo wa Tang uliotangulia, mji ulikuwa umegawanywa kwa kuta. Ngoma ilipigwa jioni, malango ya mitaa yakafungwa, na aliyekutwa barabarani aliadhibiwa. Mwaka 965 mfalme Taizu wa Song aliagiza kwamba masoko ya usiku ya Kaifeng yasizuiwe kabla ya zamu ya tatu, yaani karibu na usiku wa manane. Polepole hata mpaka huo ukafifia. Mtu mmoja aliyeishi mjini humo aliandika kumbukumbu zake uzeeni, baada ya mji kuanguka mikononi mwa maadui. Anataja vyakula vingi vya soko la usiku, na anasema hata majira ya baridi, theluji na upepo mkali, soko halikufungwa. Kisha anaongeza kwamba baada ya zamu ya tatu walipita wauza chai wamebeba mabirika, kwa sababu watu wenye shughuli za serikali na za binafsi walikuwa wanarudi nyumbani usiku mkubwa. Karibu miaka elfu moja iliyopita mtu alibeba birika gizani akijua kuna karani mmoja aliyechelewa. Sentensi hiyo huwa nairudia kichwani nikiwa nimechoka.

Seoul ilijua kinyume chake. Tangu 1945 mji huo uliishi chini ya amri ya kutotembea usiku, kwa miaka mingi kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. King'ora kinalia, watu wanakimbia kama waliofukuzwa, na aliyechelewa analala kituo cha polisi au kwa rafiki. Amri iliondolewa tarehe 5 Januari 1982. Leo ukienda masoko ya nguo ya Dongdaemun usiku wa manane utakuta wafanyabiashara wa jumla waliotoka mikoani kwa mabasi, mizigo imefungwa, na karibu yao vyungu vya supu vinachemka. Mtu wa miaka 60 mjini humo anakumbuka utoto ambao saa hizo hazikuwapo kabisa. Zilikuwa zimefutwa kwenye saa.

Narudi benchini kwetu.

Kuna kitu ambacho mwili unakulipisha, na nisingekuwa mkweli nikiandika juu ya uzuri wa kula usiku bila kukisema. Ndani yetu kuna saa. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili, wakianzia na nzi wadogo wa matunda. Ini lina saa yake, kongosho lina saa yake. Ukila sahani ileile mchana na usiku wa manane, sukari hupanda zaidi katika damu usiku, kwa sababu mwili unasubiri ulale. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu ya usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na baada ya kuupitia upya ushahidi mwaka 2019 liliiacha palepale.

Jaribio moja lililochapishwa mwishoni mwa mwaka 2021 lilinigusa binafsi. Watu 19 wenye afya waliishi maabara wakifuata ratiba ya mfanyakazi wa usiku. Waliokula usiku sukari yao ilipanda. Wengine walikesha vilevile, lakini chakula chote walikula mchana, na sukari yao haikupanda. Nilipolisoma nilikuwa nimeshaacha kazi ile, na nilijikuta nawahesabu wenzangu wa benchi walioanza kumeza vidonge vya kisukari kabla ya miaka 45. Ni wanne. Siwezi kusema supu ndiyo iliyowapa. Naweza kusema hakuna mwajiri hata mmoja kati ya wetu aliyewahi kutuambia lolote kuhusu saa ya kula, ingawa walituambia mengi kuhusu saa ya kuingia.

Kwa uzoefu wangu, na si daktari mimi, chakula kikubwa kiliwe kabla ya kuingia kazini, mapema jioni. Saa tisa kiwe kidogo, cha majimaji, chenye protini: supu, yai, kipande cha mkate. Vyakula vya mafuta mengi saa hiyo hukaa tumboni kama jiwe, na ukilala nacho utaamka mchana kinywa kichungu. Kahawa iishe saa saba usiku. Na jihadhari na sukari, kwa sababu mtu aliyekosa usingizi huitaka sukari kwa nguvu, na chumvi pia. Ulimi uliochoka hauhisi vizuri. Hili la chumvi nitalirudia.

Wauguzi wetu walikuwa wanalijua hili bila maabara. Mmoja wao, mrefu, mpole, alikuwa anakuja na chakula chake ndani ya kopo, anakula robo tatu kabla ya zamu, na robo inayobaki anaichanganya na supu ya mama. "Robo tatu ni ya tumbo," alikuwa akisema, "robo ni ya kukaa na ninyi." Nadhani hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya yeyote.

Maana watu wengi wa usiku wana upweke ambao hawautangazi. Unalala watoto wako wakiwa shule. Harusi, vikao vya familia, mazishi hata, vyote vimepangwa kwa ratiba ya watu wa mchana. Mlinzi anaweza kumaliza saa kumi na mbili bila kuambiwa neno na mtu. Akifika kwenye kibanda na kuulizwa "Leo mbona umenyong'onyea?", hilo ni neno la kwanza tangu jua lizame. Mzee mfagia barabara alipokosekana siku tatu, mama alimtuma dereva nyumbani kwake. Walimkuta na homa kali, peke yake. Wauguzi wakafanya la kufanya. Alirudi wiki ya tatu, amekonda, akaegesha mkokoteni mahali pake, na hakuna aliyesema kitu ila mama alimjazia bakuli mpaka ukingoni.

Shughuli nyingine za usiku nazitaja kwa haraka tu, ingawa nazipenda. Kutembea kwa miguu katika mtaa wa maduka yaliyofungwa, ukasikia mafriji yakivuma nyuma ya malango ya chuma. Soko la maua la jumla kabla ya alfajiri, ambapo rangi zote zimeamka kabla ya watu. Kukaa kwenye ngazi za kituo cha treni ukasubiri safari ya kwanza pamoja na wacheza muziki waliobeba vyombo vyao. Mji usiku unasikika. Mchana kelele ni moja kubwa. Usiku kila sauti ina mwenyewe.

Lakini ninayoyafikiria zaidi ni maji, choo, taa na usafiri.

Mama yetu alikuwa anabeba maji kwenye madumu. Choo alikuwa anaazima kwetu, kwa hisani ya mlinzi, na siku walipobadilisha walinzi akanyimwa. Mwanamke aliyekaa mahali pamoja saa tisa mfululizo, anawalisha watu 70, hana mahali pa kujisaidia. Alikuwa anapunguza kunywa maji. Aliniambia hilo kama anavyoeleza bei ya mkaa, na nimeshindwa kulisahau.

Nikitaka kuona kwamba jambo hili lina dawa, natazama Singapore. Wauza chakula wa barabarani waliandikishwa kisiwa kizima mwaka 1968 na 1969, kisha kati ya mwaka 1971 na 1986 wakahamishiwa kwenye majengo ya wazi yenye maji ya bomba, mifereji ya maji machafu na vyoo. Kuhamishwa huko kulikuwa na maumivu yake, lakini serikali ilikubali kitu cha msingi: hawa watu wanalisha mji, basi mji uwape bomba. Leo karibu na jengo la kale la Lau Pa Sat mtaa mzima hufungwa magari jioni, meza zinatandazwa juu ya lami, moshi wa mishikaki unapanda kati ya maghorofa ya benki. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo wa wauza chakula katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Uwanja wa Jemaa el-Fna wa Marrakech, ambako vibanda vya chakula husimikwa kila jioni na kubomolewa usiku uleule, ulitambuliwa na UNESCO mapema zaidi, mwaka 2001. Kwa hiyo hakuna anayeweza tena kudai kwamba chakula cha usiku ni uchafu wa kuondolewa ili mji upendeze.

Usafiri nao hugundulika thamani yake unapoondolewa. Treni za chini ya ardhi za New York zilikuwa zinakwenda saa 24 tangu zilipoanza mwaka 1904. Tarehe 6 Mei 2020, kwa sababu ya korona, zikaanza kufungwa kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri ili zisafishwe, na hazikurudi kwenda saa 24 kamili mpaka tarehe 17 Mei 2021. Mwaka mzima. Waliobaki wakitafuta basi gizani walikuwa wasafishaji, wapishi, wahudumu wa hospitali, walewale waliokuwa wanapigiwa makofi madirishani jioni. London ilipoanzisha treni za usiku kwa siku za Ijumaa na Jumamosi, Agosti 2016, mazungumzo mengi yalikuwa juu ya wanaotoka kwenye kumbi za muziki. Muuguzi wa Jumanne alibaki na basi lake. Amsterdam wana hata mtu anayeitwa meya wa usiku, na miji mingine imeiga cheo hicho. Ni wazo zuri. Ningependa tu kila mwenye cheo hicho aanze kazi kwa kukaa juma zima kwenye benchi la supu, asiseme chochote, asikilize.

Nilipoulizwa kwa nini sikuhama kazi mapema, nilikuwa najibu habari za mshahara. Ukweli ni kwamba lile benchi lilinishika. Nilikuwa nimeona jinsi watu wasiofanana wanavyoweza kukaa goti kwa goti kwa sababu supu ni moja na mabakuli hayatoshi, kwa hiyo inabidi umsubiri mwenzako amalize.

Usiku wa mwisho ninaoukumbuka vizuri ulikuwa wa mvua. Gazeti lilikuwa limeanza kufungwa mapema, saa nne usiku, kwa sababu wasomaji wamehamia kwenye simu, na mimi nilibaki kwa ajili ya toleo moja la ziada. Nilitoka saa kumi kasoro. Maji yalikuwa yanatiririka barabarani kama mto. Vijana wa muziki hawakuja, madereva walikuwa na abiria wengi, wauguzi nadhani walikwama. Tulikuwa wawili tu chini ya turubai, mimi na mama, na sufuria bado ilikuwa na supu robo.

Kwa miaka sita sikuwahi kumwona akila. Niliwahi kumwuliza anakula saa ngapi, akasema akifika nyumbani, akishaosha vyombo. Supu alikuwa anaionja mara moja tu, jioni, anadondosha tone kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, analamba, anatikisa kichwa. Basi.

Usiku ule nikachukua bakuli, nikakoroga sufuria kama nilivyomwona akikoroga, nikamtekea, nikampa kwa mikono miwili.

"Karibu, mama."

Alicheka, akakataa, kisha akaketi kwenye benchi, upande wetu wa wateja. Akaitazama barabara kutokea pale, nadhani kwa mara ya kwanza. Akapuliza, akanywa funda moja. Akanyamaza. Akanywa la pili, taratibu, uso umekunjamana, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, hii imekoza chumvi. Inachemka tangu jioni, maji yamepungua." Aliishika bakuli mapajani, mvua ikipiga turubai juu yetu. "Miaka yote hii mnakunywa hivi? Mbona hamkuniambia?"